Gredi ya kusoma: hii namba ilitoka wapi?

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuzungumze historia.

Chukua sentensi hii: "Mama yangu ana paka." Mtoto wa miaka minne anaisema bila taabu. Sasa ipime kwa fomula ya Flesch-Kincaid, ile iliyomo ndani ya Microsoft Word. Ukihesabu silabi sawasawa utapata 9.6. Yaani sentensi hiyo eti inamfaa mwanafunzi wa gredi ya 9!

Nyingine: "Watoto wanasoma vitabu vyao shuleni." Jibu ni 21.8. Mwenye gredi hiyo, kama ingekuwepo, angekuwa anamalizia shahada ya uzamifu. Sentensi hiyohiyo kwa Kiingereza ina maneno 8 na silabi 10, na jibu lake ni 2.3.

Hesabu zenyewe hazina kosa. Fomula inasema hivi: gawanya idadi ya maneno kwa idadi ya sentensi, uzidishe kwa 0.39. Gawanya silabi kwa maneno, uzidishe kwa 11.8. Jumlisha, kisha utoe 15.59. Mtu yeyote anaweza kuiandika kwa mistari mitano ya programu, na ndiyo maana imesambaa kila mahali. Shida ni kwamba tunaoiandika ni nadra kuuliza namba hizo zilipimwa kwa nani. Halafu mzazi anaiona kwenye kitabu cha mtoto na kuamini kwamba mwanawe amebaki nyuma.

Hebu turudi mwanzo.

Hadithi inaanzia Marekani miaka ya 1920. Shule za sekondari zilikuwa zimejaa watoto wengi kuliko zamani, na walimu walilalamika kuwa vitabu vya sayansi vimejaa msamiati mgumu. Mwaka 1921 Edward Thorndike wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha orodha ya maneno 10,000 ya Kiingereza, akionyesha yapi hutumika sana na yapi ni nadra. Mwaka 1923 Bertha Lively na Sidney Pressey wakaitumia orodha hiyo kupima uzito wa msamiati wa vitabu vya shule. Wazo lilikuwa rahisi: kitabu chenye maneno mengi ya nadra ni kigumu.

Mwaka 1925 William McCall na Lelah Crabbs wakatoa vijitabu vya mazoezi ya kusoma. Kila zoezi ni kifungu kifupi na maswali yake, na idadi ya majibu sahihi inabadilishwa kuwa gredi kulingana na matokeo ya watoto waliojaribiwa. Hapa shika jambo moja. Gredi ya namna hii ni wastani. Ukiambiwa mtoto anasoma kwa 4.3, maana yake amepata alama sawa na mtoto wa kati aliye katika mwezi wa tatu wa gredi ya 4. Na kwa kuwa ni mtoto wa kati, karibu nusu ya wenzake wako chini yake. Hawaumwi na si wajinga. Ndivyo katikati ilivyo.

Wengi waliotunga fomula baadaye walivitumia vijitabu hivyo kama rula yao. Mmoja wao ni Rudolf Flesch, mwanasheria kutoka Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1938. Alipata shahada ya uzamifu Columbia mwaka 1943, na mwaka 1948 akatoa fomula yake maarufu yenye alama za 0 hadi 100, ambapo alama ya juu ni maandishi mepesi. Alihitaji vitu viwili tu: urefu wa sentensi na idadi ya silabi. Ajabu ni kwamba mwaka 1980 mtafiti Kathleen Stevens alionyesha kuwa McCall hakuwahi kukusudia mazoezi yake yawe kipimo cha fomula. Yalikuwa mazoezi ya darasani, basi.

Sasa, "Kincaid" alitoka wapi? Hapa ndipo nilipocheka. Mwaka 1975 Jeshi la Majini la Marekani lilitaka kujua kama wanajeshi wake wanaelewa vitabu vya mafunzo ya ufundi. J. Peter Kincaid na wenzake waliwapima wanajeshi 531 kwa vifungu kutoka vitabu hivyo, vikiwa na mapengo ya kujaza. Kisha wakarekebisha fomula ya Flesch ili itoe gredi badala ya alama.

Soma tena hapo. Namba tunayoigonga kwenye hadithi za sungura na fisi ilipimwa kwa watu wazima wa jeshini, waliokuwa wakisoma vitabu vya ufundi kwa Kiingereza.

Hata kwetu Afrika Mashariki kuna sura ya hadithi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Edward Fry, msomi kutoka Marekani, alikuwa Uganda akiwasaidia walimu wa Kiingereza kama lugha ya pili. Huko ndiko alikotengeneza grafu yake: unachukua maneno 100, unahesabu sentensi na silabi, unaweka nukta, unasoma gredi. Makala yake ya mwaka 1968 iliifanya ijulikane sana. Lakini hata grafu hiyo, ingawa ilizaliwa Uganda, ni ya Kiingereza.

Kwa nini lugha ni muhimu hivyo? Kwa Kiingereza maneno ya kila siku mara nyingi ni ya silabi moja, na neno refu mara nyingi ni geni. Fomula haijui maana ya neno lolote. Inakisia ugeni kwa urefu. Kiswahili hakiko hivyo. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Atanipikia" ni silabi sita na kila mtoto analijua. "Hiba" ni silabi mbili, na watu wazima wengi watalitafuta kwenye kamusi. Fomula itasema la kwanza ndilo gumu!

Kuna mtego mwingine kwetu Wakenya. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, "darasa" limekuwa "gredi". Kwa hiyo programu ikisema gredi ya 5, ni rahisi kudhani ni Gredi ya 5 ya hapa. Sivyo. Ni gredi ya Marekani.

Wataalamu wenyewe walishtuka zamani. Mwaka 1981 Chama cha Kimataifa cha Kusoma kilipitisha azimio la kupinga matumizi mabaya ya gredi hizi katika kupima wanafunzi.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na tumeiona hapa. Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa ASER ya India, ulipeleka watu nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda. Mtoto alisomeshwa herufi au silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kiwango kilitoka kwenye mtaala wa nchi yenyewe, na jibu lilitoka kinywani mwa mtoto.

Kwa hiyo, ukiwa mzazi, mpe mtoto ukurasa mmoja asome kwa sauti, kisha akusimulie alichosoma. Utajua mengi kuliko namba yoyote itakavyokuambia. Na ukiwa msanidi programu kama mimi, fomula hii itumie kwa maandishi ya Kiingereza, tena kama dokezo tu kwa mwandishi kwamba sentensi zake zimekuwa ndefu. Kwa kitabu cha Kiswahili, ifute kabisa. Ni afadhali pawe patupu kuliko mtoto aambiwe kwamba paka wa mama yake ni somo la sekondari.