Chai, Mandazi na Reli: Karne Moja ya Meza ya Hoteli, Kitale hadi Bungoma

Katikati ya karne ya 19, wapagazi na mafundi wa mji wa Guangzhou, kusini mwa China, walikuwa na mahali pao pa kufungulia kinywa kabla ya kazi. Vilikuwa vibanda vya meza za mbao na mabenchi, na chai iliuzwa kwa li mbili, pesa ndogo sana ya wakati ule. Pamoja na chai mtu alipata kitafunio cha bei nafuu, akapiga soga kidogo, akaenda zake. Baadaye wenye mali walijenga nyumba za chai za ghorofa. Tao Tao Ju ya Guangzhou ilifunguliwa 1880, na Luk Yu ya Hong Kong 1933. Ulaji uliokomaa humo ndio dunia inaoujua leo kwa jina la dim sum.

Katika kumbi hizo chai ndiyo mwenyeji, na chakula huifuata kwa vipande vidogo vidogo: siu mai za nyama ya nguruwe na kamba, har gow zenye ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, mikate laini iliyojazwa nyama, miguu ya kuku iliyokolezwa viungo. Vyote huja ndani ya vikapu vya mianzi vikiwa bado vinafuka mvuke. Birika likiisha maji, mteja hufunua kifuniko na kukiegemeza pembeni, naye mhudumu huja bila kuitwa. Anayemiminiwa chai hugonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yake. Watu hukaa saa nzima, hata mbili, wakisoma gazeti na kusengenya majirani.

Mtu wa Kitale au Bungoma, magharibi mwa Kenya, akiketishwa hapo, hata miguu ya kuku haitamtia wasiwasi. Kikombe cha moto mkononi, kitu kidogo cha kutafuna, stori zisizo na haraka: hayo anayajua tangu utoto. Tofauti ni kwamba yeye huiona meza yake ya chai na mandazi kuwa ya tangu mababu, ilhali babu wa babu yake hakuijua. Meza hiyo ina umri wa karne moja hivi, na ilijengwa na reli, mishahara ya mashamba, makanisa na watu wachache waliothubutu kuwasha jiko saa kumi alfajiri.

Mababu walikuwa na meza nyingine. Katika nchi ya Wabukusu, chini ya Mlima Elgon, wazee walikutana kuzunguka chungu cha busaa, pombe ya wimbi na mahindi. Kila mmoja alikuwa na mrija wake mrefu, lusekhe, na mtu hakukaa popote apendapo. Umri, rika na undugu ndivyo vilivyompangia nafasi. Hapo kesi zilisikizwa, mahari ikajadiliwa, na habari za mbali zikapokewa. Kuku naye aligawanywa kwa kanuni: firigisi, imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba, na mtoto aliyeigusa alijua kitakachomfika. Ukarimu na adabu ya kukaa pamoja vilikuwapo zamani. Chai ilivikuta, ikavirithi.

Pwani ilitangulia kufika kwa miguu. Misafara ya Waswahili iliyokwenda Buganda na Elgon ilipumzika kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, na mji wa Mumias ukapata Waislamu, misikiti na mapishi ya pwani mapema kuliko miji mingi ya bara. Kitale yenyewe ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kabla ya kuwa mji wa walowezi. Lakini msafara hulisha wasafiri wake, haulishi wilaya nzima. Kwa hilo ilihitajika reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, ikitumia Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kwa mkataba. Nyuma yake, na wakati mwingine mbele yake, walikuja wafanyabiashara. Aliyejulikana zaidi ni Alidina Visram, aliyetoka Kutch, India, akiwa kijana mdogo mwaka 1863, akaanzia Bagamoyo na kueneza maduka hadi Uganda kabla ya kufariki 1916. Miaka ya 1920 tawi jipya la reli lilipanda kutoka Nakuru hadi Eldoret, kisha likashuka kupitia Turbo, Webuye na Bungoma kwenda Tororo. Kutoka Leseru, karibu na Eldoret, kipande kingine kilichepuka na kufika Kitale mwaka 1926.

Miji yote miwili ikageuka. Bungoma ilikuwa stesheni kabla ya kuwa makao makuu ya wilaya. Kitale ikawa soko la mahindi la walowezi, wengi wao askari wa zamani waliogawiwa ardhi ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba katika zile zilizoitwa nyanda za Wazungu, kwa hiyo alibaki mjini na duka lake. Kwenye rafu palikuwa na sukari, majani ya chai, chumvi, mafuta, unga wa ngano. Hivyo ndivyo vifaa vya mandazi na chai, vyote chini ya paa moja la mabati.

Ajabu ni kwamba chai yenyewe ilikuwa ngeni hata kwa wengi wa waliosaidia kuileta. Waingereza walianza kuilima Assam miaka ya 1830 ili waache kuitegemea China, na mwaka 1848 Robert Fortune alitumwa huko China kuchukua miche na siri za utengenezaji. Wahindi wa kawaida walizoea kunywa chai kwa wingi katika karne ya 20, baada ya wauzaji kuwashawishi kwa kampeni za miaka mingi. Wakati huo ilikuwa imeshavuka bahari. Miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903, na kuanzia 1924 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kilimo kikubwa Kericho. Sukari ya karibu ilipatikana baada ya kiwanda cha Miwani kuanza 1922. Ngano ilistawi Uasin Gishu na Trans Nzoia kwenyewe.

Vitu kuwepo dukani hakutoshi, lazima mtu awe na pesa na sababu. Pesa zilitoka mashambani. Vijana wa Kibukusu walivuka kwenda Trans Nzoia kulima na kuvuna mahindi ya walowezi, wengine wakahamia huko na jamaa zao kama maskwota. Mtu aliyetembea tangu alfajiri akasimama mjini kununua jembe au kulipa kodi alihitaji kitu cha moto. Hoteli za Wazungu za Kitale hazikumpokea kama mgeni. Klabu ndiyo kabisa. Akatafuta penye benchi, karai na mtu wa kabila lolote aliyekubali senti zake.

Sababu nyingine ilitoka kanisani. Mwaka 1902 wamisionari watatu Wamarekani wa dhehebu la Quaker, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua kituo Kaimosi. Imani yao ikaenea kaskazini hadi Lugulu, Chwele na Kamusinga. Waquaker walikataza pombe bila mzaha, na Salvation Army vilevile. Muumini aliyeacha busaa alipoteza zaidi ya kinywaji: alipoteza baraza. Harusini, matangani, kwenye mkutano wa wazazi wa shule, angeshika nini mkononi wakati wa mazungumzo? Alishika kikombe cha chai. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Waluhya, wakiwemo Wabukusu, chai ilipata heshima ambayo kinywaji kingine hakina, na mgeni anayeondoka bila kuinywa huonekana kama aliyefukuzwa.

Waafrika wenyewe walianza kuendesha hoteli katika masoko ya wilaya. Ilikuwa moja ya biashara chache zilizowezekana, kwa sababu sheria za ukoloni zilibana mikopo ya Mwafrika, naye fundi wa mandazi alihitaji sufuria, karai, kuni na leseni tu. Baada ya 1945 walijiunga nao askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko, watu waliozoea chai ya jeshi na waliokuwa na akiba ya mshahara. Wengi wao waliweka fedha hizo katika maduka, malori na hoteli.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Usiku unga wa ngano huchanganywa na hamira, sukari na maji vuguvugu, ukakandwa mpaka usishike mkono, ukafunikwa. Kabla ya mapambazuko donge husukumwa, hukatwa pembetatu na kutumbukizwa kwenye karai la mafuta. Mandazi yaliyofura vizuri hugeuka yenyewe. Pembeni, sufuria kubwa ya maji na maziwa huwekwa jikoni, majani na sukari hutiwa humo humo, ikapanda hadi ukingoni, ikashushwa, ikapanda tena. Kisha huchujwa na kumiminwa kwenye chupa. Asiyetaka maziwa huomba strungi. Mandazi, chapati, sambusa na hafukeki ngumu ya kuchovya hupangwa ndani ya kabati la kioo linaloangalia mlango, ili macho yaagize kabla ya mdomo. Mhudumu hupaza sauti kuelekea jikoni, "Chai moja, mandazi mbili!" na deni la kila meza hulibeba kichwani mpaka mteja afike kaunta.

Sambusa ina safari ndefu kuliko vyote kwenye kabati hilo. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alisimulia sambusa za nyama na lozi katika karamu za Sultani wa Delhi. Magharibi ya Kenya ilizipokea kwa mkono wa Mhindi na wa Mswahili, kisha ikazijaza ilichonacho. Nyama ikipanda bei, ndengu hushika nafasi yake.

Uhuru ulileta wenye meza wapya. Mwaka 1962 na miaka iliyofuata, mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yalianza kugawanywa chini ya mpango wa ekari milioni moja. Kitale, ambayo mwanasiasa Masinde Muliro aliidai iwe ya Mkoa wa Magharibi, ilibaki Bonde la Ufa. Hoteli zake hazikujali mpaka huo. Mbukusu, Msabaot, Mkikuyu, Mturkana na Mluhya wa kusini waliketi benchi moja, na orodha ya ukutani ikapanuka: chapati na madondo, supu ya mifupa kwa madereva, matumbo, kuku wa kienyeji kwa ugali. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana Waasia wasio raia, hasa miji midogo, na vyumba vingi vya biashara vikaingia mikononi mwa Waafrika.

Viwanda vikaongeza midomo. Nzoia Sugar ilianza kusaga miwa 1978, na karatasi zilikuwa zikitengenezwa Webuye tangu miaka ya 1970. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akitoka asubuhi aliihitaji hoteli kuliko alivyohitaji kitanda. Sheria ya 1980 ikapiga marufuku pombe ya chang'aa mpaka 2010 ilipohalalishwa tena. Chai, kinyume chake, haikuwahi kuwa na adui serikalini. Siku hizi mteja hulipa kwa M-Pesa, iliyozinduliwa 2007, na majani yaliyomo kikombeni huenda yamechumwa karibu: kiwanda cha Kapsara, cha wakulima wadogo chini ya KTDA, kiko Trans Nzoia, upande wa vilima vya Cherangani.

Wachina wenyewe wamefika. Nairobi, hasa Kilimani na Hurlingham, ina mikahawa yao, na vikapu vya dim sum vinapatikana kwa mwenye pesa. Mkenya anayeonja huko hulipia chakula cha kifahari, ingawa chimbuko lake ni kibanda cha li mbili. Kwa jambo moja Guangzhou imetuzidi. Watu wake waliandika majina ya nyumba zao za chai, miaka ya kufunguliwa na wapishi waliozipa sifa. Hoteli za Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye na Bungoma zimelisha wakulima, walimu na makuli kwa vizazi vinne, na nyingi zimefungwa bila hata picha moja ya mlango kubaki.

Nyaraka bado zipo, majumbani. Kitale kuna makumbusho yaliyoanzia kwenye mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham na kufunguliwa 1974, na kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina maktaba. Aliye na leseni ya hoteli ya mzazi wake, daftari la madeni au picha ya kaunta ya zamani, asiichome wakati wa kusafisha nyumba. Aipeleke huko, na aandike nyuma yake jina la mwenye hoteli, mahali ilipokuwa na bei ya chai ya siku zile.