Njia Moja ya Sakania na Mwanya wa Kompyuta

Reli kutoka Rhodesia ilifika Sakania, Kongo, mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ilikuwa njia moja, upana milimita 1,067, na njia moja ina hatari yake: stesheni mbili zikiona reli tupu kwa wakati mmoja, kila moja ikaruhusu treni, treni hizo zitakutana porini. Kosa haliko katika kutazama, liko katika mwanya kati ya kutazama na kuruhusu. Si ajabu basi kwamba mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra, miaka ya 1960, alipotafuta namna ya kuzuia programu mbili zisigombee kitu kimoja, aliazima jina la semafo, ishara ya reli.

Mtu atasema treni huonekana, ilhali mwanya wa kompyuta ni mwembamba mno. Lakini mshambuliaji anayetaka kuupenya mwanya huo hurudia jaribio mara maelfu. Katika kasoro ya Dirty COW, kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux kilimtengenezea mtumiaji nakala ya faili asiloruhusiwa kuandika; kazi nyingine ikaitupa nakala hiyo katikati, maandishi yakaangukia faili lenyewe. Ilizibwa Oktoba 2016. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, alikuwa amejaribu kuiziba 2005, marekebisho yakaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye mashine za IBM s390. Wakati huo mbio hizo za kuwahi mwanya zilionekana za nadharia tu.