Radiumu ya Shinkolobwe na swali la mama mugonjwa

Wakati nilikuwa staji ya radiolojia, mama mumoja muzee aliniuliza: « Mutoto wangu, hii mashini itanifanya nini? » Nikamujibu paka: « Mama, usitikisike. » Foto ilitoka muzuri, lakini mama alienda bila jibu, na mimi nilibaki na haya. Njo nilianza kusoma historia ya kazi yetu. Nikakuta inapitia hapa kwetu Katanga.

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp aligundua mawe ya uranyumu huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Ndani ya mawe yale kulikuwa radiumu, ambayo wanganga wa Ulaya walikuwa wanatumia kwa kuunguza kansere. Wafanyakazi walichimba na kuchambua mawe kwa mikono, Union Minière ikayapeleka Ubelgiji, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen kikatoa radiumu. Bei ikaanguka. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walimununulia Marie Curie gramu 1 kwa dola 100.000. Mwaka 1929 walichanga tena, sababu ya taasisi ya radiumu ya Warsaw. Safari hii gramu ilinunuliwa Ubelgiji, kwa dola 50.000.

Sasa hospitali nyingi ziliweza kuipata. Wakati ule, mwanamuke mwenye kansere ya titi walikuwa wanamukata titi lote pamoja na nyama ya kifua. Geoffrey Keynes, munganga wa upasuaji wa London, aliona namna wagonjwa walibaki wameharibika. Katika miaka ya 1920 alianza kuingiza sindano za radiumu ndani ya titi na kuliacha mahali pake. Wenzake wengi walikataa.

Ilibidi kungoja. Mwaka 1976, Bernard Fisher wa Marekani alianza utafiti na wanawake zaidi ya 1.800: wamoja walitolewa titi lote, wengine walitolewa uvimbe tu, na kati ya hao kuna waliopata mionzi. Mwaka 2002, kiisha miaka 20, hesabu ilionyesha kwamba kuacha titi hakukupunguza maisha. Na wale waliopata mionzi, kansere haikurudi sana katika titi. Kwa wanawake wengi, munganga hawezi tena kusema « hakuna njia ingine ». Anapashwa kueleza njia zote mbili, na mama achague.

Hapa njo roho yangu inauma. Mawe yalitoka kwetu, lakini miaka na miaka mugonjwa wa kansere wa Katanga alitafuta mionzi inje ya inchi, kama familia ina feza. Kama haina, alirudi nyumbani. Mashini za mionzi hatuwezi kununua sisi wanafunzi. Lakini kile Keynes alianza nacho, kumuangalia mugonjwa na kujiuliza atabaki namna gani, hakina bei.

Leo, mbele ya kupiga foto, ninamuambia mugonjwa mashini itafanya nini, itachukua muda gani, na kwamba haitaumiza. Kiisha ninauliza: « Mama, uko na swali? » Ni dakika mbili tu.

Wewe unayeanza staji mwaka huu, mugonjwa wako wa kwanza atakuuliza. Utamujibu nini?