Safari ya Sultana: Merikebu ya Unguja katika Bandari ya New York, 1840

Katika kamusi za Kiswahili limo neno merikani, na wengine husema amerikani, maana yake kitambaa cha pamba kisichopaushwa, chenye rangi ile ile iliyotoka nayo kwenye kitanda cha mfumaji. Neno hilo ni la asili moja na Marekani, jina la dola kubwa iliyo ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Ni jambo la kustaajabisha kwamba jina la nchi ambayo wenyeji wa Tabora na Ujiji wa zamani hawakupata kuiona lilikuwa kila siku midomoni mwao, nalo ni jina la nguo waliyojifunga kiunoni. Ajabu hiyo ina historia yake, na ndani ya historia hiyo kimo kisa kimoja ambacho hakitajwi sana: mwaka 1840 merikebu ya Unguja ilivuka bahari mbili, ikatia nanga New York.

Wafanya biashara wa Kimarekani walikwisha kuizoea Unguja kabla ya hapo. Wengi wao walitoka Salem, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts, wakitafuta pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Baina ya Septemba 1832 na Mei 1834, katika merikebu 41 za kigeni zilizofika Unguja, 32 zilikuwa za Kimarekani. Mmoja katika wafanya biashara hao, Edmund Roberts, alimwendea Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na baadaye akarudi akiwa mjumbe wa serikali yake. Tarehe 21 Septemba 1833 mapatano ya urafiki na biashara yalitiwa sahihi mjini Maskati. Mwaka 1835 merikebu ya vita iliyomchukua Roberts, iitwayo Peacock, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, na Sayyid akapeleka msaada. Habari za ukarimu huo zilisomwa Marekani katika kitabu cha daktari wa merikebu ile kilichochapishwa mwaka 1838. Mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alikuwa amekwisha kufungua ofisi yake Unguja.

Basi njia ilikuwa wazi, lakini ilikuwa njia ya upande mmoja. Mgeni alikuja na merikebu yake, akanunua kwa bei aliyoafikiana na wenyeji, akaenda kuuza kwao kwa bei aijuaye mwenyewe. Sayyid Said alikuwa mfanya biashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote, naye hakukosa kuiona tofauti hiyo. Akaazimu kupeleka mali yake mwenyewe, katika merikebu yake mwenyewe, chini ya mtu wake mwenyewe.

Merikebu iliyochaguliwa ni Sultana, iliyojengwa Bombay mwaka 1833. Nahodha wake wa safari hiyo alikuwa Mwingereza, William Sleeman, mtu aliyeijua kazi ya bahari lakini aliyeshindwa na ulevi. Mwenye amri ya mambo yote ya mali na ujumbe alikuwa Ahmad bin Naaman, katibu wa Sayyid. Kutoka Maskati ilipakiwa mifuko 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi na marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Unguja zikaongezwa pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, mifuko 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Mwezi wa Februari 1840 Sultana ikang'oa nanga, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili ikaingia New York.

Mji ulitaharuki. Watu walimiminika bandarini kuwatazama wageni waliovaa vilemba na kanzu, na magazeti yakajaa habari zao. Mabaharia walipoteremka kutembea walifuatwa na makundi ya watu. Wengine walikuja kwa udadisi tu, na wengine, wahuni wa mitaani, kwa kuwachokoza. Ahmad bin Naaman alipokewa kwa heshima nyingine. Wakuu wa mji walimkaribisha rasmi na kumtembeza. Walimpandisha hata katika gari la moshi, chombo ambacho wakati ule kilikuwa kigeni kwa wengi wa watu wa New York wenyewe. Mchoraji Edward Mooney aliichora sura yake, naye aonekana katika picha hiyo mtu wa makamo, mwenye kilemba na ndevu, uso wake umetulia kama wa mtu aliyezoea kuhesabu kabla ya kusema.

Mara nyingi husemwa kwamba Ahmad alikuwa mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Hilo si sahihi kwa jumla yake, kwani mjumbe wa Tunis, Sulayman Mellimelli, alikwisha kufika huko mwaka 1805. Lakini Ahmad hakuja kusuluhisha vita wala kudai fidia. Alikuja kuuza karafuu, na urafiki wa dola mbili aliuchukua pamoja na shehena.

Alichukua zawadi pia, na hizo zilileta taabu isiyotazamiwa. Sayyid alikuwa amempelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, shali za Kashmiri, zulia na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Kwa desturi za Maskati na Unguja, mtawala hukirimiwa kwa vitu vilingaanavyo na cheo chake, na kukataa zawadi ni kumvunjia mtu uso. Lakini Katiba ya Marekani yakataza mtumishi wa serikali, hata Rais, kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Baraza la Kutunga Sheria. Van Buren akajibu kwa adabu kwamba haimpasi kupokea. Ahmad naye hakuweza kurudi kwa bwana wake na farasi wale wale. Jambo likapelekwa Barazani, na mwezi wa Julai 1840 likakatwa kwa njia ya kati: zawadi zipokewe kwa jina la serikali, na zile zitakazouzwa, fedha zake ziingie hazina. Farasi wakauzwa. Hivyo heshima ya Sayyid ikahifadhiwa, na sheria haikuvunjwa. Watu wawili waliokuwa hawajui desturi za kila mmoja walitafuta mlango ambao wote wawili wangeweza kupita bila kuinama.

Serikali ya Marekani nayo haikutaka kushindwa kwa ukarimu. Sultana ilikuwa imechoka kwa safari ndefu. Ikapelekwa katika kiwanda cha merikebu za vita Brooklyn, ikatengenezwa upya kwa gharama ya serikali. Zawadi za kujibu zikapakiwa, miongoni mwake bunduki na bastola za mtindo mpya zilizoweza kupiga mara kadha bila kushindiliwa tena. Nahodha Sleeman hakurudi nayo. Mahali pake akashika Sandwith Drinker wa Philadelphia, aliyeandika habari za safari ile siku kwa siku. Mwezi wa Agosti 1840 merikebu ikatoka New York, na mwezi wa Desemba ikaonekana tena Unguja.

Hapo ndipo masimulizi mengi ya safari hii hukoma. Yana farasi, lulu, kilemba katika gari la moshi, nahodha mlevi. Ni hadithi ya kupendeza, na msikilizaji huondoka ametabasamu. Lakini mwenye kutaka kujua safari ilikuwa nini hana budi kuacha zawadi akatazame shehena. Zawadi zaonyesha jinsi watawala walivyotaka kuonana. Shehena yaonyesha jinsi nchi zao zilivyofungamana, wapende wasipende.

Pembe 108 zilitoka bara, nazo hazikujileta pwani. Kila moja ilibebwa begani mwa mtu mwendo wa majuma mengi. Huko zilikokwenda, pembe kama hizo zilikatwa vipande vyembamba na mafundi wa Connecticut, vikawa vichana vya nywele na vidole vya piano. Sandarusi ilichimbwa ardhini Mrima, ikasafishwa, ikawa rangi ya kung'arisha samani za majumba ya Marekani. Karafuu zilichumwa na kuanikwa na watumwa. Sayyid Said ndiye aliyewahimiza wenye mashamba wa Unguja na Pemba kupanda mikarafuu kwa wingi, na kadiri mikarafuu ilivyoongezeka ndivyo watu walivyozidi kuletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa.

Na merikebu ilirudi na nini? Ilirudi na bunduki, baruti, ushanga na vyombo vya nyumbani, na zaidi ya hayo marobota ya kitambaa cha pamba, ile ile merikani. Kitambaa hicho kilikuwa fedha ya bara. Kilihesabiwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti, na doti kadha hufanya jora. Kwa merikani mpagazi alilipwa ujira wake, mtemi alilipwa hongo, chakula kilinunuliwa njiani, na pembe zilinunuliwa mwisho wa safari. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Lakini pamba yenyewe haikuota Massachusetts. Ililimwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, na walioipanda na kuichuma walikuwa watumwa, wajukuu wa watu waliotolewa Afrika.

Basi uzi ule ulizunguka dunia. Mtu aliyekamatwa karibu na Ziwa Nyasa na kuletwa Unguja kuchuma karafuu aliweza kufungwa nguo iliyotokana na pamba iliyochumwa na mtumwa mwenziwe katika Georgia au Mississippi. Wawili hawa hawakujuana, wala hapana mjumbe aliyechukua salamu zao. Lakini kazi ya mmoja ilimfunika mwingine. Katika orodha yote ya mambo ya ajabu ya safari ya Sultana, hili ndilo la ajabu kupita yote, nalo halikuandikwa na gazeti lolote la New York.

Wala haiwezi kusemwa kwamba watu wa wakati ule hawakuwa na la kuwakumbusha. Jimbo la New York lenyewe lilikuwa limefuta utumwa mwaka 1827, miaka 13 tu kabla ya Sultana kufika. Na katika miezi ile ile ambayo watu walisongamana kuitazama merikebu ya Unguja, katika jimbo jirani la Connecticut walikuwa wamefungwa Waafrika wa kabila la Mende waliojikomboa kwa nguvu mwaka 1839 ndani ya jahazi la Kihispania, La Amistad. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kwenda kuwatazama wao pia. Mahakama iliamua mwezi wa Januari 1840 kwamba hawakuwa watumwa kwa sheria, lakini serikali ya Van Buren ilikata rufani. Hawakuachwa huru mpaka Mahakama Kuu ilipotoa hukumu mwezi wa Machi 1841. Rais yule yule aliyejizuia kwa uaminifu asipokee farasi wawili, kwa kuwa sheria haikumruhusu, alikuwa akitumia sheria kuwashika watu waliokuwa wakiomba kurudi kwao. Sayyid naye, ambaye adabu yake ilisifiwa katika miji ya mabara matatu, alijenga utajiri wake juu ya mashamba ya mikarafuu. Wote wawili walikuwa waungwana katika mambo ya uungwana.

Haifai kwa sababu hiyo kuidharau safari yenyewe. Kuna watu ambao bado huiandika historia ya pwani kana kwamba ni pwani iliyokaa ikingoja kugunduliwa, na kila jambo jema au baya likaletwa na merikebu ya mgeni. Sultana yakanusha maneno hayo. Watu wa pwani hii walikuwa na merikebu, walikuwa na makatibu wa hesabu, walijua bei za ng'ambo na walithubutu kuzifuata. Lakini mtu akijivunia uhodari huo, ahesabu pia gharama yake na nani aliyeilipa. Mwenye kuichukua sifa ya safari aichukue na shehena.

Biashara ile haikudumu kama ilivyotazamiwa. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, vilikata pamba ya kusini, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaingia mahali pa zile za Massachusetts. Vita hivyo vilipokwisha, utumwa ulifutwa Marekani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe ikaondolewa kisheria mwaka 1897.

Picha ya Ahmad bin Naaman imehifadhiwa Salem, mji walikotoka wafanya biashara wa kwanza. Mabaharia wake hawakuchorwa. Wachumaji wa karafuu, wapagazi wa pembe na wachumaji wa pamba hawamo katika jumba lolote la makumbusho kwa majina yao. Kumbukumbu waliyoachiwa ni ndogo, nayo imo katika lugha: neno moja, merikani, lililotajwa sokoni na njiani na watu ambao hawakujua kwamba walikuwa wakitaja nchi.