Babu Alikuwa na Anwani Moja, Mimi Nina Mia Tano

Wasee, wacha nianze na ile sentensi ambayo kila kijana wa Nairobi ameisema angalau mara moja: "Kenya hii bila kujua mtu hupati kazi." Mimi niliisema nikiwa kwa matatu, bahasha ya kaki mapajani, natoka Industrial Area ambako askari wa geti moja alichukua CV yangu akaanza kujipepea nayo. Jua lilikuwa kali, sikumlaumu sana.

Jioni nikampigia babu simu nilalamike. Akacheka. "Sasa wewe ulidhani mimi nilipata aje?"

Babu alishuka Nairobi 1958 akiwa na anwani moja mfukoni. Ilikuwa ya mzee wa kijijini kwao aliyekuwa akiishi Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Alilala sakafuni kwake wiki tatu. Wiki ya nne yule mzee akaenda naye kazini, akamwambia msimamizi, "Huyu ni mtoto wetu, kwao napajua." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa CV yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hii historia, na nimebadilisha msimamo. Shida yetu si kujuana. Kazi hapa imepitia kwa watu siku zote. Swali la maana ni hili: nani anaruhusiwa kukuongelea?

Tuanze na kizazi cha kabla ya babu. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya usajili wa Waafrika mwaka wa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanaume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye alama zake za vidole, rekodi za kazi, mshahara na sahihi ya mwajiri, imefungiwa kwa kijikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukitoka kazini bila mwajiri kukutilia sahihi, wewe ni mtoro, na hiyo ilikuwa kesi ya jinai. Yaani historia yako yote ya kazi iliandikwa na mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyekulipa kidogo iwezekanavyo. Kipande kilikuwa kati ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu serikalini, aanze kuwapanga watu Nairobi mwaka wa 1921. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, na watu wakapigwa risasi. Kipande kilikuja kufutwa 1947.

Watu walijibu aje? Walijenga mitandao yao. Ukiingia mjini ulitafuta watu wa kwenu kwanza. Vyama kama Luo Union na Abaluhya Association vilichanga pesa za mazishi, vikasaidia wageni, na hata vikazaa mpira. Klabu ya Abaluhya ilianza 1964, na Gor Mahia ikaundwa 1968. Mwaka wa 1980 serikali ya Moi ilipoagiza vyama vya kikabila vivunjwe, Abaluhya ikageuka kuwa AFC Leopards. Kwa hivyo ukishangilia Ingwe wikendi, jua hapo nyuma kuna watu waliokuwa wakitafutiana mahali pa kulala na pa kufanya kazi.

Lakini tusidanganyane, mtandao huo ulikuwa na ukuta. Kama hukuwa na mzee Muthurwa, ulikuwa nje. Na kama wenyu wote ni makarani, utapata ukarani. Kama wote ni wa kibarua, utapata kibarua.

Hapa sasa historia inaruka hadi Marekani. Mwanafunzi wa Harvard kwa jina Mark Granovetter alienda mji wa Newton, karibu na Boston, akawauliza watu wa kazi za ofisi swali rahisi: nani alikuambia kuhusu hii kazi? Kati ya waliopata kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Makala yake ilikataliwa na jarida moja 1969, ikachapishwa kwingine 1973, na leo ni kati ya makala zinazotajwa zaidi katika sosholojia.

Sababu yenyewe ukiifikiria ni ya kawaida kabisa. Marafiki zako wa karibu wanajua unachojua. Mko kwa grupu moja la WhatsApp, mnasikia tangazo moja, mnatuma maombi pamoja. Yule mtu mliyekutana mara mbili tu yuko kwa dunia nyingine, na huko kuna habari ambazo kwenu hazijafika.

LinkedIn ilifunguliwa Mei 2003, na mwanzilishi mmoja, Reid Hoffman, aliianzia sebuleni kwake. Sisi tulichelewa kidogo. Nyaya za chini ya bahari, Seacom na TEAMS, zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia satelaiti, na ilikuwa bei ghali. Halafu 2022 jarida la Science likachapisha utafiti uliofuatilia zaidi ya watu milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano. Granovetter alikuwa sawa, ila kwa marekebisho. Anayesaidia zaidi si rafiki wa karibu, na si mtu msiyejuana hata chembe. Ni yule wa katikati, ambaye mna marafiki kadhaa wa pamoja lakini hampigiani simu. Tena hiyo nguvu inaonekana zaidi kwa kazi za kidijitali. Kwa kazi zisizo za kidijitali, watu wa karibu bado ndio wanabeba. Kwa hivyo kama unatafuta mjengo, usikae kupamba profaili. Mtafute foreman anayekujua.

Mimi mwenyewe? Nilituma barua pepe zaidi ya sitini, nikajibiwa mbili. Kwa aibu nakiri pia kuna "mwajiri" wa mtandaoni aliyekula shilingi 1,500 zangu akisema ni ada ya mahojiano. Tafadhali, anayekuitisha pesa ndio akupe kazi si mwajiri. Kilichonisaidia ni kuweka video fupi nilizohariri, kila wiki, na kuandika vile nilivyozitengeneza. Siku moja dada mmoja tuliyekaa naye warsha ya siku mbili, miaka miwili nyuma, akaniandikia: "Bado unahariri? Kuna watu wanatafuta." Hata jina lake la pili nilikuwa nimesahau. Ndiyo kazi niliyo nayo leo.

Alichofanya ni kile cha yule mzee wa Muthurwa, tofauti ni kwamba hakuuliza kwetu ni wapi. Aliangalia kazi yangu. Na maneno yaliyokuwa hapo niliyaandika mimi, si bosi wa zamani mwenye kijikopo cha chuma.

Hiyo ndiyo naona tumepata, na si kidogo. Lakini bando ni pesa, na kuna kijana mwenye kipaji kule Lodwar ambaye hayuko kwa simu ya mtu yeyote. Mtandao hauna huruma wenyewe. Unafanya kazi pale tu aliye ndani anapofungua mlango.

Babu aliniuliza swali lililonikaa: "Wewe umeshalaza nani sakafuni kwako?" Nikafungua inbox. Wiki hii vijana watatu niliowahi kukutana nao mara moja tu wameniandikia wakiulizia kazi. Nilikuwa nimemjibu mmoja.

Nikimaliza kuposti hii, nawajibu wale wawili. Na wewe uliye na kazi, ni nani amekuandikia ukanyamaza?