Kabla ya kusifu kisu, cheki waya

Wasee wakisimulia historia ya katheta, wanaanza na Werner Forssmann. Mwaka wa 1929 huko Ujerumani, akiwa daktari kijana, alijichanja mkononi, akasukuma mrija mwembamba kwa mshipa wake hadi ukafika kwa moyo, halafu akatembea mwenyewe mpaka chumba cha eksrei ili picha ithibitishe. Mwaka wa 1956 akapata Nobel. Stori kali, nakubali. Lakini mrija wa Forssmann uliteleza tu na damu inayorudi kwa moyo. Kazi ya kuuendesha haikuwa nyingi.

Mimi naanza na swali lingine: utaingiaje kwa mshipa bila kupasua mtu, na ukishaingia, utakata kona aje?

Nusu ya kwanza ilijibiwa Stockholm. Sven-Ivar Seldinger alitoka Mora, kwa familia ya mafundi wa karakana, na mimi huona hiyo karakana kwa kazi yake yote. Wakati huo, katheta ilipitishwa ndani ya sindano, kwa hivyo sindano ilibidi iwe nene kushinda katheta, na ukiitoa unaacha shimo kubwa kwa mshipa. Ama wanakupasua. Seldinger akabadilisha mpangilio tu. Dunga sindano nyembamba, pitisha waya ndani yake, toa sindano ukiacha waya, halafu vesha katheta juu ya waya na uisukume ndani. Waya ikitoka, katheta inabaki. Alichapisha hiyo kitu 1953. Mkubwa wake kazini aliona haitoshi kuwa tasnifu ya udaktari, kwa hivyo ikabidi atafute mada nyingine. Manze. Na hadi leo, ICU karibu zote duniani zinatumia huo mpangilio kila siku.

Sasa kona. Ncha ya waya hupindwa kidogo. Ukizungusha mwisho ulio kwa vidole vyako, ile ncha ya ndani nayo inageuka. Ukifika njia panda, unaielekeza kushoto, unasukuma taratibu, waya inatangulia na katheta inaifuata. Ni kama kuendesha matatu ukiwa umesimama nje, na barabara unaiona sekunde chache tu, wakati dawa ya rangi imepigwa na eksrei imewashwa. Waya ikiwa ngumu sana, inatoboa mshipa. Ikiwa laini sana, inajikunja na haisukumiki. Kutafuta katikati ya hapo ndiyo ilikuwa kazi.

Hapo ndipo anaingia Charles Dotter, mtaalamu wa eksrei huko Portland, Oregon. Kama waya za dukani hazikumfaa, alitengeneza zake. Alijaribu nyuzi za gita. Alijaribu kebo ya spidomita ya Volkswagen. Mwaka wa 1963, kwa maonyesho Chicago, alikutana na Bill Cook, kijana aliyekuwa anaunda katheta kwa moto mbele ya wateja. Dotter akaazima tochi ya gesi na mirija, akaenda nazo hotelini, na asubuhi akarudi na katheta alizounda usiku. Cook akaziuza siku hiyo. Gikomba hapo tungemwelewa bila maelezo.

Sasa twende Januari 1964. Laura Shaw, miaka 82, yuko hospitalini Portland. Mguu wa kushoto umekosa damu, vidole vinaoza, na madaktari wa upasuaji wamesema ukatwe. Kama una shosho mwenye sukari, hiyo sentensi unaijua. Mama akakataa. Akakataa kabisa. Ni kwa sababu ya hiyo "hapana" Dotter alipata nafasi. Tarehe 16 alipitisha waya kwenye sehemu iliyobana ya mshipa wa paja, akafuatisha katheta moja juu yake, kisha nyingine nene zaidi juu ya ile ya kwanza, na mshipa ukapanuka. Baada ya dakika chache mguu ulikuwa na joto.

Madaktari wa upasuaji hawakuamini. Walimweka hospitalini wiki kadhaa wakingoja mshipa uzibe tena. Haukuziba. Wengine walipomtumia Dotter wagonjwa, waliandika kwa karatasi kuwa apige picha tu, asijaribu kutengeneza kitu. Nikisoma hiyo huwa nakasirika, kwa sababu waliokuwa wanalinda idara yao hawakuwa na mguu wa kupoteza. Ni kweli pia mbinu yake haikufaulu kwa kila mgonjwa, na mirija minene iliacha shimo kubwa pale inapoingilia. Hilo lilitatuliwa Zürich na Andreas Gruentzig, aliyeweka puto dogo kwa katheta: linaingia likiwa jembamba, linapulizwa likifika. Mwaka wa 1977 alilipeleka mpaka kwa mishipa ya moyo.

Ulaya walichukua jina la Dotter wakaligeuza kitenzi cha hiyo kazi. Kwao Marekani walimwita Charlie Kichaa. Alipendekezwa kwa Nobel 1978, hakupewa, na akafariki 1985. Laura Shaw aliishi karibu miaka mitatu baada ya ile siku, akitembea kwa miguu yake miwili.