Mzigo wa Waishmaeli

Tunapoisoma habari ya Yusufu kuuzwa, macho yetu hukaza kwenye shimo na vile vipande 20 vya fedha, tukaupita mzigo wa ngamia. Mwanzo 37:25 inautaja mzigo huo, vitu vitatu, na cha mwisho katika Biblia ya Union ya 1952 ni manemane. Msafara ulikuwa unatoka Gileadi. Hapo ndipo penye swali.

Manemane ni utomvu wa mti wa miiba wa nchi kame: Somalia, Ethiopia, kaskazini mashariki mwa Kenya, na ng'ambo Arabuni. Gileadi, mashariki ya Yordani, mti huo hauoti. Tena Kiebrania huiita manemane mor, na ndilo neno la mafuta ya upako katika Kutoka 30. Kwenye Mwanzo 37 limeandikwa neno jingine, lot. Sisemi watafsiri wetu walifanya ovyo. Hata Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliandika vivyo hivyo. Lakini wataalamu wengi huona kwamba lot ni ulimbo wa kichaka ambacho wanabotania hukiita Cistus creticus.

Ni kichaka kifupi, aghalabu cha kufika kiunoni, kinachopenda vilima vya mawe na jua kuzunguka bahari ya Mediterania. Maua yake ni ya waridi, yamejikunja kama kitambaa kilichotoka kufuliwa; huchanua asubuhi na kupukutika siku hiyo hiyo. Mbegu zina ganda gumu. Moto ukipita kilimani ganda hupasuka, na mvua ikinyesha miche huchipua kwenye majivu. Majani yana vinyweleo vinavyotoa ulimbo wenye harufu nzuri, na kadiri jua linavyochoma ndivyo unavyozidi.

Herodotus, karne ya 5 kabla ya Kristo, alistaajabu kwamba kitu kinachonukia hivyo hupatikana mahali panaponuka vibaya kuliko pote: kwenye ndevu za mabeberu. Mbuzi hula majani, ulimbo ukawaganda, wachungaji wakauchana. Dioscorides, karne ya kwanza baada ya Kristo, anataja pia kamba zilizoburutwa juu ya vichaka. Kisiwani Krete, katika kijiji cha Sises, bado watu huvuna kwa chombo kama reki chenye mikanda mirefu, tena wakati wa joto kali la kiangazi, kisha huukwangua ulimbo kwenye mikanda.

Sasa fungua Mwanzo 43:11. Njaa imeshika Kanaani, nafaka imekwisha, na Yakobo anawaagiza wanawe wampelekee mtawala wa Misri zawadi. Lot imo tena. Katika Agano la Kale lote kitu hiki kinatajwa mara hizi mbili tu. Yawezekanaje mzee akose ngano lakini awe na ulimbo? Kwangu si ajabu. Kichaka cha mlimani hakingoji jembe, na ukame haukiui upesi.

Wala si lot peke yake. Vitu vyote vitatu vya ule msafara vimo katika zawadi, pamoja na asali, jozi na lozi. Zaidi ya miaka 20 imepita. Baba anamtumia mwanawe, bila kujua, shehena ile ile iliyoshuka naye Misri alipokuwa kijana wa miaka 17, na wabebaji ni ndugu zake waliomwuza. Yuda, aliyetoa shauri la kumwuza, yumo.

Walifika, wakaitengeneza zawadi, wakamngoja. Maandiko hayasemi kama Yusufu aliitambua ile harufu. Yanasema aliingia adhuhuri, wakamletea walivyochukua mikononi, wakainama mbele yake hadi nchi. Akawauliza hali zao, kisha akauliza habari za yule mzee, kama yu hai bado.